Mshono Uliofichwa kwenye Gari la Koko

Tangu niweke nyundo chini, vijana wa garaji wamekuja nyumbani mara tatu kuniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nimekubali kwa sharti moja: vyeo nitaviruka, maana sijawahi kuona cheo kikinyoosha bati. Nitaandika yale yaliyonifundisha, na moja lililonishtua kiasi kwamba mpaka leo nikishika kikombe cha chai naangalia mkono wangu kwanza.

Mimi ni fundi bati. Hapa Bukavu tunaitwa tôlier. Gari likigongwa, likipinduka, au likiangukiwa na ukuta wa jirani wakati wa mvua, linaletwa kwetu, nasi tunalirudishia sura yake. Nimewahi kuletewa moja lililokaliwa na ng'ombe. Mwenyewe aliapa kwamba ng'ombe alishuka mlimani kwa hiari yake, na sikuwa na sababu ya kubishana na mtu aliyekwisha kuumia.

Nilianza kazi mtaa wa Kadutu, kwa Muzee Birindwa, mtu mfupi mwenye mikono mipana na maneno machache. Siku ya kwanza nilifika na nyundo mpya niliyonunuliwa na baba yangu, nimevaa shati safi kama anayekwenda kubatizwa. Muzee aliitazama nyundo, akaiweka juu ya kabati, akanipa mlango wa gari uliokuwa umelala chini. Akaniambia nifumbe macho niupapase kwa kiganja, nimwambie palipobonyea. Nilipapasa mlango ule siku tatu. Nyumbani mama yangu aliponiuliza nimejifunza nini, nilimwambia ukweli, naye akaenda kumwuliza baba kama pale ni garaji kweli.

Siku ya nne kiganja kikaanza kuona. Sijui nieleze vipi. Macho yanadanganywa na mwanga, lakini ngozi ya mkono inajua mahali bati lilipojikunja hata kama ni kidogo sana. Hapo ndipo Muzee aliponirudishia nyundo, akaniongezea tasi, yaani kile kipande kizito cha chuma unachokishikilia upande wa pili ili bati lisitoroke unapoligonga. Tasi ile ninayo bado. Imekwisha kwa kushikwa, na mke wangu huzuilia nayo mlango wa jikoni.

Muzee alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba mshono wa fundi hauonekani. Ukishaunganisha chuma na chuma kwa moto, unasaga, unapiga tupa, unapiga msasa, unapaka rangi, mpaka mwenye gari mwenyewe asijue lilikatwa wapi. Alikuwa akimsimamisha mpita njia yeyote, muuza ndizi au katekista, akamwomba aoneshe mshono uko wapi. Akiuona, unaanza upya. Kanuni ya pili ni kwamba chuma cha usukani hakichomewi. Kikikatika, tafuta kingine. Ile ya kwanza aliisema kila siku, na hii ya pili nadhani aliisema mara moja tu, tukila mihogo, na labda ndiyo sababu kichwa changu kiliiweka chini kabisa ya nyingine.

Ile kanuni ya mshono ndiyo iliyotupa jina. Magari mengi ya mji huu hufika yakiwa yamekwisha kupata ajali katika nchi nyingine, na kila mnunuzi anataka lake lionekane halijawahi kuguswa. Nimefanya kazi ngumu za kila namna. Kulikuwa na basi dogo kutoka Sange ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba, na abiria walikuwa wameizoea kamba kuliko mlango, hata nilipoutengeneza dereva alilalamika kwamba unapiga kelele. Kulikuwa na jeep ya wachimba dhahabu wa Luhwindja iliyofika imepasuka chasi, inatembea upandeupande kama kaa. Niliiunga, nikauficha mshono, na mwenyewe alipokuja kuichukua aliniuliza kama nimempa gari la mtu mwingine. Nilitembea wiki nzima kifua mbele.

Miaka ilikwenda, Muzee akafariki, na mimi nikawa ndiye ninayeitwa muzee. Kwenye garaji ya mwisho niliyofanyia kazi, mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa mafundi. Huko ndiko alikofika Nsimire. Alitoka shule ya ufundi, fundi wa makanika, msichana mwembamba asiyecheka ovyo. Nilimpokea mwenyewe na kumfundisha alivyotaka kufundishwa, yaani kwa kuulizwa maswali mpaka nikachoka. Baada ya miaka kumi alikuwa na sikio lisilo na mfano pale. Gari halikutoka kwenye garaji yetu kabla Nsimire hajalala chini yake na kinyundo chake kidogo, akagonga chuma kimoja baada ya kingine, akisikiliza. Chuma kizima kinalia. Chuma chenye ufa au chenye moto ndani yake, yaani kilichochomewa vibaya, kinatoa sauti nzito, kama sufuria iliyojaa ugali. Akimaliza anainuka, anajipangusa, anasema iko bien, yaani liko sawa, na gari linakwenda.

Sasa nifike kwa gari lenyewe.

Mwanzoni mwa msimu wa mvua uliopita alikuja mtu mmoja aitwaye Fidèle, tonton, yaani mtu mzima wa kuitwa mjomba, wa miaka sitini hivi, mzaliwa wa kijiji cha Miti, aliyekaa Amerika miaka mingi akifanya kazi kwenye karakana za huko. Alinionesha picha kwenye simu. Niliitazama, nikavaa miwani, nikaitazama tena. Lilikuwa gari la zamani sana, la viti viwili, halina paa. Halikuwa na vikinga matope. Injini ilikuwa nje, mabomba yanang'aa mchana kweupe, na mbele lilikuwa limeshushwa chini kama linanusa barabara. Nilimpa pole. Nilidhani ananionesha lililompata.

Aliniambia hapana, hilo ni gari zima, na watu wa kule hulitengeneza hivyo kwa makusudi: wanachukua bodi la zamani, wanaling'oa vyote visivyo vya lazima, wanalishusha, wanalitia injini yenye nguvu, lakini sura inabaki ile ya babu zao. Nilishtuka, sifichi. Maisha yangu yote nimevirudisha vikinga matope mahali pake. Na huyu bwana, katika mji ambao mvua haiombi ruhusa na matope yanafika madirishani, alitaka niving'oe kwenye gari la zamani lililokuwa kwao Miti, nikate na paa.

Nilimwuliza kwa nini asilirudishe tu kama lilivyotoka kiwandani. Akanijibu kwa sauti ya chini.

"Papa, nataka ikuwe ya zamani, lakini isikuwe tena ya muzungu."

Nilimwelewa tulipokwenda Miti kulichukua. Gari lilikuwa kwenye banda nyuma ya nyumba ya mama yake, na kuku walikuwa wakilitagia mayai. Baba yake Fidèle, marehemu, alikuwa dereva wa mzungu mwenye shamba la kinini, ule mti wa dawa ya malaria, na mzungu alipoondoka kwa haraka gari lilibaki. Mama yake, ambaye sote tulimwita Koko kwa kuwa ni bibi wa kila mtu pale, alitoka akiwa na fimbo yake kutuangalia tukiwafukuza kuku. Wakati wa mzungu, mke wa dereva hakuruhusiwa hata kuegemea mlango wa gari lile. Alikuwa akisimama kando ya njia na mzigo wa kuni, mumewe anapita, na wote wawili wanajifanya hawajaonana. Mzungu alipoondoka injini ilikuwa imekwisha kufa.

"Bwana yangu alimubebaka muzungu, na bibi ya muzungu, na imbwa ya muzungu," alituambia. "Miye sikuikalaka mule hata siku moja."

Alisema hivyo bila uchungu, kama anayetuhesabia watoto wake. Tuliporudi mjini na lile bodi limefungwa juu ya lori, sikuona tena wazimu wa Fidèle. Kazi ilikuwa kumkalisha yule mama ndani ya gari lile kabla Mungu hajamwita.

Tulifanya kazi miezi mitano. Bati la zamani ni nene na lina heshima, ukiligonga linakujibu. Nilikata kutu yote ya chini, nikatia sakafu mpya. Nilishusha mbele. Nsimire aliweka injini ya pick-up ya Kijapani, akayapanga mabomba yake manne kila upande mpaka watu wa kwenye barabara wakawa wanasimama kutazama. Mshona viatu wa jirani alishona viti vya ngozi nyekundu. Usukani ulikuwa mkubwa, wa mbao, tuliupata kwenye lile lile banda la kuku. Nilipaka rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu Fidèle alisema uzee haupigwi polishi. Kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika. Sikuwa nimefurahia kazi namna ile tangu siku ile ya jeep ya Luhwindja.

Halafu Koko akaugua. Kifua kilimbana, akalazwa, akatoka, na Fidèle akaja garajini amekonda. Aliomba gari liwe tayari Jumapili ile, baada ya misa, kwa kuwa hakujua kama kutakuwa na Jumapili nyingine. Lilikuwa limebaki jambo moja. Kwa kuwa tulishusha mbele, ile fimbo ya chuma inayotoka kwenye usukani kwenda magurudumu ya mbele haikufika tena. Ilipungua urefu wa kiganja. Tulikuwa tumeagiza ndefu zaidi, na ilikuwa bado njiani, na njia zetu mnazijua.

Ijumaa mchana, Nsimire akiwa amekwenda kutafuta mafuta ya breki, nilichukua fimbo mbili za zamani, nikazikata, nikaziunga. Nilikumbuka maneno ya Muzee, msinidhanie nilisahau. Nilijiambia tu kwamba yeye aliyasema kwa mikono ya watu wengine, na kwamba mshono wa mkono wangu haujawahi kuachia. Nikachoma vizuri. Nikasaga, nikapiga tupa, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Nilipomaliza niliupapasa mshono nikiwa nimefumba macho, na kiganja changu hakikuupata. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Sikumwambia mtu, maana mshono ukiusema si mshono tena. Hivyo ndivyo tulivyokuwa.

Jumamosi Nsimire alilala chini ya gari na kinyundo chake. Mafundi wote walikuwepo, na Fidèle pia. Aligonga, akagonga. Alipofika kwenye fimbo ile aligonga mara moja, akatulia kidogo, akanitazama kutoka kule chini. Mimi nilidhani anaisifu kazi. Akaendelea na chuma kilichofuata, akainuka, akasema iko bien.

Jumapili yake Miti ilikuwa imejaa. Koko alitoka kanisani amevaa pagne, yaani kitenge, ya samawati na kitambaa kipya kichwani, wakamwinua watu wawili wakamkalisha kwenye kile kiti chekundu. Alipapasa mlango kwa ndani, polepole, kama nilivyopapasa mimi ule wa kwanza. Fidèle akawasha injini, wanawake wakapiga vigelegele, na gari likatoka. Mimi na Nsimire tuliwafuata kwa pick-up.

Hawakufika mbali. Kwenye kona ya kwanza yenye mteremko niliona magurudumu ya mbele yakienda yanakotaka. Fidèle alikuwa akizungusha usukani, unazunguka bure. Wanawake waliokuwa wakiuza makaa kando ya njia walitawanyika, mmoja akaacha gunia lake, na gari likapita juu ya gunia, likaruka mtaro, likaingia kwenye migomba. Kisha kimya. Sikumbuki kushuka kwenye pick-up.

Fidèle alikuwa anatoka damu puani. Koko alikuwa ameketi wima, mkono wa kushoto umepinda mahali mkono usipopinda, majani ya mgomba yamemfunika mapajani. Alimgeukia mwanawe.

"Ni vile papa yako alikuwaka anaendesha?"

Watu walicheka kwa hofu. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeinama chini ya gari, na fimbo ilikuwa ikining'inia. Ilikuwa imeachia pale pale, kwenye mshono, safi, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Kipande kimoja kilikuwa kimeanguka kwenye nyasi. Nikakiokota nikakitia kwenye mfuko wa koti langu la Jumapili. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya.

Tulimpeleka Koko hospitali, wakamfunga mkono. Kwenye baraza Fidèle alimkabili Nsimire mbele ya watu. "Ni weye ulisema gari iko bien," akamwambia. Wengine wakaanza yale maneno yao ya mwanamke na makanika. Nsimire aliangalia chini. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, chuma kikiwa kizito mfukoni, na sikufungua mdomo.

Jumatatu Fidèle alikuja garajini akataka nimfukuze Nsimire, la sivyo atapeleka mambo mbele. Niliomba muda nifikirie. Mtu aliyefanya kosa akiomba muda wa kufikiria adhabu ya mwingine! Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula, siku hiyo na iliyofuata. Sikuwa nikimwogopa Fidèle. Niliogopa kwamba watu wataanza kuukagua kila mshono nilioufanya katika mji huu, na sitaweza kuwaonesha uko wapi, kwa kuwa nimeificha yote.

Jumatano asubuhi nilimwita Nsimire kwenye meza yangu ya kazi. Nikatoa kile kipande nikakiweka mbele yake.

"Hii ni soudure yangu," nikamwambia, nikimaanisha kazi yangu ya kuchomea.

Hakukigusa. "Najua, papa. Niliisikia."

Nilimwuliza aliisikia lini. Akasema Jumamosi, alipogonga, fimbo ilitoa sauti mbaya, na akajua papo hapo kuna moto ndani yake. Ajali ilinishtua, lakini ajali ni chuma. Hili lilikuwa jambo lingine. Nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Papa, hapa kwetu tunagonga mara moja," akasema. "Ukigonga mara mbili, ni kusema mwenye kazi hajue kazi. Ningegonga yako mara mbili, mbele ya batu bote?"

Na ni kweli. Ndivyo ilivyokuwa kwenye garaji zote nilizozijua. Fundi mdogo anagonga kazi ya mkubwa mara moja, kwa adabu, anapita. Hakuna aliyeiandika. Mimi mwenyewe niliwafundisha hivyo, bila neno, kwa kununa tu. Yule msichana alikuwa na sikio la kuokoa watu, na mimi nililiziba kwa heshima yangu, halafu akabeba lawama yangu siku tatu kwa heshima ile ile. Nililia pale pale, mzee mzima, mafuta mikononi.

Siku hiyo hiyo tulikwenda Miti pamoja. Nilimwambia Fidèle mbele ya mama yake kwamba chuma ni changu, mshono ni wangu, na aliyevificha ni mimi. Fidèle akainuka, akampa Nsimire mkono kwa mikono miwili, akaomba radhi. Mimi hakunipa mkono siku ile, na alifanya haki. Koko, mkono umefungwa shingoni, aliuliza jambo moja tu: gari litapona lini.

Tulilirudisha garajini. Ile fimbo ndefu ilifika, chuma kizima, haijaguswa na moto. Lakini mtaro ulikuwa umepindisha vishikizo vinavyobeba injini, na vile lazima vichomewe, hakuna njia nyingine. Nilivichoma mwenyewe. Safari hii sikusaga, sikupaka rangi. Niliacha mshono wazi, mnene, kila mtu auone. Nikawaita mafundi wote wasogee. Nikamwambia Nsimire agonge.

Akalala chini ya gari. Kishikizo cha kulia aligonga mara moja, kikalia. Cha kushoto aligonga, akatulia. Nilijua anafikiria nini, na nilijua kwamba nikikohoa tu, atapita.

Sikukohoa. Akagonga mara ya pili.

"Hii haiwezi pita, papa," akasema kutoka kule chini. "Urudilie."

Nikavaa miwani ya moto mbele yao wote, nikarudilia.